Hatari ya Virusi vya Kompyuta katika Mifumo Endeshi Tofauti: Flashi ya Mtafiti katika Njiapanda ya Msata

Msata ni njiapanda ambapo barabara itokayo Bagamoyo hukutana na ile ya Chalinze kuelekea Segera. Mtafiti anayekusanya masimulizi katika vijiji vya jirani mara nyingi huchapisha na kunakili kazi yake katika duka la steshenari, kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za watu wengi siku hiyo hiyo. Makala haya yanafafanua jinsi mfumo endeshi unavyochangia kuamua hatima ya data hizo.

Mfano unaofahamika sana ni kirusi cha njia ya mkato. Katika Windows, kirusi hiki huyaficha mafolda halisi kwa kuyapa alama ya faili za mfumo, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Anayebofya huifungua folda yake, lakini papo hapo huendesha programu ya kirusi. Conficker, iliyogunduliwa Novemba 2008, ilisambaa pia kupitia flashi kwa kutumia uwezo wa Windows wa kujiendesha yenyewe. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuuzima uwezo huo katika matoleo ya zamani. Kirusi cha njia ya mkato hakikuathirika, kwa kuwa hutegemea mkono wa mtumiaji mwenyewe.

Flashi hiyo hiyo ikichomekwa kwenye Linux, njia za mkato haziendeshi chochote, na mafolda yaliyofichwa huonekana, kwa sababu Linux haizingatii alama hizo za Windows. Hapa ndipo hasara kubwa ya kitafiti huzuilika. Mahojiano yanayodhaniwa kupotea kwa kawaida yangali ndani ya flashi. Kinachoyapoteza ni haraka ya kuifomati. Hata katika Windows, amri ya attrib huyarejesha. Hata hivyo, mtumiaji wa Linux asijione salama kupita kiasi: akinakili kila kilichomo, atakibeba kirusi bila kuugua na kumkabidhi msimamizi wake anayetumia Windows.

Kinga hiyo hukoma kwenye nyaraka. Kirusi kiitwacho Concept, cha mwaka 1995, kiliishi ndani ya makro za Microsoft Word, hivyo kiliweza kuambukiza Windows na kompyuta za Macintosh pia. Tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, ikitegemea alama inayohifadhiwa na mfumo wa faili wa NTFS. Flashi nyingi hutumia FAT32, ambao hauwezi kuhifadhi alama hiyo. Kwa hiyo, rasimu ya tasnifu iliyopakuliwa kisha kupitishwa kwenye flashi humfikia mtahini ikiwa imeshavuliwa onyo lake, na hapo kinachobaki ni yeye kukataa kuwezesha makro.