Matawi Salama katika Tundu la Kinyonga

Kinyonga ni mnyama wa vichakani. Vidole vya kila mguu wake vimegawika mafungu mawili, viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, hata mguu ukawa mfano wa koleo la kushikia tawi. Kwa sababu hiyo, mwenye kumfuga hana budi kumwekea matawi ya miti ndani ya tundu. Hata hivyo, inafaa ifahamike kwamba tawi hilo hilo laweza kumletea maradhi, upofu au kifo iwapo litawekwa bila ya hadhari.

Jambo la kwanza ni kuchagua mti. Mpera unafaa, kwani mbao yake ni ngumu na matawi yake yana panda nyingi. Miti yenye utomvu mweupe iepukwe, hasa mnyaa unaopandwa kuwa ua wa nyumba. Utomvu wake ukiingia jichoni huunguza na waweza kupofusha. Kinyonga huwinda kwa macho. Akipofuka hawezi kumlenga mdudu kwa ulimi wake, na mwisho wake ni njaa. Matawi ya mwembe na mkorosho nayo yaachwe, kwa kuwa utomvu wake huchubua ngozi. Aidha, tawi lisichukuliwe kwenye shamba lililopigwa dawa ya wadudu, wala lisikatwe katika maeneo ya hifadhi, kama vile Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004.

Jambo la pili ni kulisafisha. Tawi likung'utwe nje ya nyumba ili majimoto, tandu na nge watoke. Magamba yaliyolegea yabanduliwe, kisha tawi lisuguliwe kwa brashi na maji bila ya sabuni. Baada ya hapo limwagiwe maji yanayochemka, au liroweshwe kwa nusu saa katika dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji. Dawa hiyo isichanganywe na dawa nyengine yoyote, kwani hutoa hewa ya sumu. Tawi lisuuzwe mara kadhaa na kuanikwa juani mpaka likauke kabisa na harufu ya dawa iondoke.

Jambo la tatu ni kulifunga. Unene wa tawi uwe wa kiasi ambacho vidole vya mnyama vinaweza kulizunguka. Lifungwe kwa waya au skrubu, wala lisiegemezwe tu, kwani likianguka humvunja mifupa. Ncha zote kali zikatwe. Palipo na taa ya joto, mtu aweke mkono wake juu ya tawi kwa muda wa dakika chache. Ikiwa hawezi kustahamili, kinyonga naye ataungua, na tawi lishushwe.

Hali kadhalika, wafugaji wanakumbushwa kulikagua kila tawi mara kwa mara. Likiota ukungu au likianza kuoza, litolewe na kuwekwa jengine. Mnyama aliye mwituni huhama mti usiomfaa. Aliyefungiwa tunduni hana pa kuhamia. Tahadhari kabla ya hatari.