Kreti kuukuu za Arua na Koboko: dhamana inamwangukia nani?

Muuza duka wa Arua, eneo la West Nile nchini Uganda, anayechukua soda za chupa ya kioo hulipia vitu vitatu: kinywaji, chupa 24 na kreti yenyewe. Fedha za chupa na kreti hukaa kwa msambazaji mpaka vyombo virudi. Utaratibu hauna kasoro hadi siku ya kurudisha.

Mfanyabiashara mmoja wa jumla mjini Koboko, aliyeomba asitajwe jina, ana donda lake. Alikuwa akivusha vinywaji kwenda Yei, Sudan Kusini, kupitia mpaka wa Oraba na Kaya. Vita vilipolipuka Juba Julai 2016 na kuenea hadi Yei, wateja wake walikimbia, kreti zikabaki huko na dhamana yake ikabaki nazo. Baadaye zilianza kurudi mbili tatu, juu ya bodaboda. Anasema msambazaji alizikataa: hii imepauka, ile ina nembo ya zamani, nyingine imemeguka mshikio. Kwa maelezo yake, kreti ikiwa mpya ni mali ya kampuni. Ikizeeka ni mzigo wake yeye. Tangu hapo hapokei kreti kabla ya kuipindua.

Na kitakoni ndiko siri iliko. Kuna pembetatu yenye namba 2, alama ya polithilini nzito. Pembeni yake kuna duara dogo lenye namba 1 hadi 12. Mshale wa katikati huelekea mwezi kreti ilipotengenezwa, na tarakimu za mwaka hukaa kulia na kushoto kwake. Jina kubwa la ubavuni huwababaisha wageni wa biashara, kwani hilo ni la mwenye kinywaji. Aliyemimina plastiki kwenye kalibu, akiweka alama yake, huiweka ndogo huko chini. Marekani, ambako kreti za plastiki zilianza kuzisukuma kando zile za mbao na waya miaka ya 1960, wapo wanaokusanya kreti za maziwa kwa kusoma alama kama hizi. West Nile maziwa husafiri kwa madumu na pakiti, kwa hiyo utaalamu huo umeangukia soda na bia.

Ofisa mmoja wa biashara anashikilia kwamba karibu kreti zote hurudi viwandani. Daftari hakuonyesha. Sokoni Arua fundi baiskeli ameikalia moja, na muuza nyanya amepanga meza yake juu ya nne. Pengine ofisa huhesabu malori.

Hata kuzirudisha si bure. Kampala iko takriban kilomita 500, na kreti ya chupa tupu hula nafasi ileile ya iliyojaa. Ndiyo maana chupa za plastiki zisizorudishwa zimewapendeza wasambazaji, ingawa bia bado imeng'ang'ania kioo.

Ng'ambo ya mpaka nako hakukuwa na kimbilio: kiwanda cha bia kilichofunguliwa Juba 2009 kilisimamisha uzalishaji mapema 2016 kwa kukosa fedha za kigeni. Mfanyabiashara wetu anadai kreti zake bado zinaonekana mpakani, ila hajui wa kumdai dhamana. Wanunuzi wa chakavu huzichukua kwa kilo, nyekundu mbali na bluu, maana rangi zikichanganyika plastiki iliyosagwa hutoka na weusi usiopendwa. Bei yao, anasema, haikaribii dhamana aliyolipa. Huenda ikapanda viwanda vya mabeseni vikihitaji malighafi zaidi. Yeye hajaanza kuuza.