Chumba, Mgeni na Pesa ya Katikati

Mtu akitafuta nyumba katika miji yetu hupita kwa komisionere. Kule San Francisco, Marekani, Brian Chesky na Joe Gebbia walianza kazi ya namna hiyo mwaka 2007. Kodi ya nyumba iliwalemea, wakalaza wageni watatu juu ya magodoro ya kupuliza, kila mmoja kwa dola 80. Leo kampuni yao, Airbnb, inafanya kazi katika nchi na maeneo zaidi ya 220, na vyumba ni vya watu.

Tufanye hesabu. Chumba ni dola 20 kwa usiku, mgeni analala mara tano: dola 100. Kwa mpango uliozoeleka miaka mingi, mwenye chumba hukatwa karibu asilimia 3, mgeni huongezewa karibu 14. Mgeni anatoa 114, mwenye chumba anapata 97, kampuni inabaki na 17.

Hizo 17 ni za kazi gani? Wageni wawili, mmoja Paris, mwingine Nairobi, wanaweza kuomba chumba kimoja kwa dakika ileile. Kompyuta impe mmoja, imfungie mwingine. Huyu analipa kwa euro, mwenye chumba anataka dola. Tena kuna kuchunguza vitambulisho, kuzuia kadi za wizi, na kurudisha pesa ya aliyeghairi.

Kuna faida nyingine isiyoonekana. Mgeni hulipa mapema, pengine miezi kabla. Mwenye chumba hutumiwa pesa karibu saa 24 baada ya mgeni kuingia. Katikati hapo pesa hukaa kwa kampuni. Mwaka 2023 ilipata riba ya zaidi ya dola milioni 700, kutokana na akiba yake na pesa za wateja ilizoshika.

Sisi wa AVEC tunajua kwa nini kisanduku kina kufuli tatu. Basi, mama mwenye chumba cha wageni, uliza kwanza: nani anashika pesa, ataitoa lini, na mgeni asipofika nani analipa? Halafu toa maji, sabuni, umeme na mfuaji wa mashuka. 97 si faida yote. Na mgeni akikuambia mkwepe kampuni ili muokoe 17, kumbuka kwamba akitoroka bila kulipa, hakuna wa kukurudishia 97 zako.