Mtoto Wetu Anasoma, Lakini Anaelewa?



Juzi tulimtembelea mama mmoja wa kikundi chetu cha akiba. Alikuwa ameletewa karatasi ya mkopo iliyoandikwa kwa Kifaransa, naye hakupata bahati ya kusoma. Akamwita binti yake wa mwaka wa tano wa msingi amsomee. Mtoto akasimama wima, akasoma toka juu mpaka chini bila kukwama, kama mtangazaji wa redio. Tukapiga makofi. Kisha mama akauliza: «Sasa inasema nini?» Mtoto akainamisha kichwa. Hakujua. Na mama alikuwa karibu kutia kidole kwenye wino.

Sisi walimu tuliokuwa pale tuliona haya, maana mtoto yule ni kazi ya mikono yetu. Tulimfundisha kutamka maneno, hatukumfundisha kutafuta maana yake.

Tatizo linaanza mapema. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali mtoto afundishwe kwa lugha ya taifa: kwetu Kiswahili, kwingine Lingala, Kikongo ao Tshiluba. Mtoto anayeanza kusoma lugha anayosikia nyumbani hugundua haraka kwamba maandishi yanasema kitu. Lakini wazazi wengi hufikiri Kiswahili kitamchelewesha, na masomo mengine yanarukia Kifaransa siku ya kwanza. Tena, tangu masomo ya msingi yalipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wanakopia. Na kukopia si kuandika.

Tufanye nini darasani?

Kwanza, maneno magumu yaelezwe kwa Kiswahili kabla ya kusoma. Kisha yaje maswali. Tuchukue mistari hii miwili: «Mama Furaha alirudi jioni na kapu lake la nyanya bado limejaa. Akaketi mlangoni, akashika kichwa.» Swali rahisi ni hili: alirudi saa gani? Mtoto ataonyesha jibu kwa kidole. Lakini tumuulize pia: biashara ilikwendaje? Neno «hasara» halikuandikwa popote, ila mtoto aliyeelewa ataliona. Maswali ya namna hii ndiyo yanayomzoeza kufikiri anaposoma.

Pili, watoto wahadithiane wawili wawili yale waliyosoma, kila mmoja kwa maneno yake, hata kwa Kiswahili kama somo ni la Kifaransa. Hata darasa la watoto sitini linaweza, na haliombi hata franka moja.

Tatu, waandike kidogo kila siku. Mistari mitatu juu ya jambo waliloliona njiani inafaa kuliko redaksio moja ndefu kwa muhula. Tusijaze wino mwekundu kote, mtoto akavunjika moyo. Leo tusahihishe nukta na herufi kubwa tu, kesho jambo lingine, naye aandike tena. Mwalimu mwenye watoto sitini asahihishe kaye kumi kwa siku: toka siku ya kwanza mpaka siku ya posho, wote watakuwa wamepita.

Na nyumbani je?

Mama, hata kama hukusoma, unaweza kusaidia sana. Mnapotwanga sombe, mwambie mtoto: «Nielezee mlichosoma leo.» Usikubali jibu la «tumesoma Kifaransa», uliza ni nani, alifanya nini, kwa nini. Mhadithie hadithi za bibi, kisha naye akurudishie. Mpe kazi ya kuandika yenye faida: vitu vya kununua sokoni, hesabu ya kikundi, barua kwa shangazi. Akikosea, usimcheke. Na kwenye mkutano wa wazazi, tusiulize tu «amepata ngapi?» Tumuulize mwalimu: «Anaelewa anachosoma?»

Siku ile hatukuondoka hivi hivi. Tuliketi na yule binti, tukaichukua karatasi mstari kwa mstari. Neno gumu tulimweleza, kisha yeye akamwambia mama yake kwa Kiswahili. Kufika katikati, akasimama mwenyewe: «Mama, hapa wanasema faida italipwa kila mwezi, hata kama haujauza kitu!»

Mama akaweka wino kando. Akasema atakwenda kwanza kuuliza, na atakwenda na binti yake.

Sisi pia tulirudi darasani na deni letu. Tangu siku hiyo, mtoto akimaliza kusoma, hatupigi makofi kwanza. Tunamuuliza: «Basi, inasema nini?»