Nauli ya meli Ziwa Nyasa ni nafuu, siku za kungoja ndizo ghali

WAFANYABIASHARA wadogo wa Mbeya na Iringa wanaotaka kupumzika kiangazi bila kuifunga kabisa biashara wanayo safari moja nafuu karibu yao, nayo ni ya meli kutoka Kyela hadi Mbamba Bay kupitia Ziwa Nyasa. Juni na Julai, wakati baridi ikiwauma watu wa Uporoto na Makambako, kando ya ziwa hilo kuna joto la kutosha. Mbeya mjini ni kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa halifiki mita 500.

Miaka ya 1990 safari hiyo ilikuwa ya MV Songea na MV Iringa. Kwa abiria wa sasa ipo MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021 ikiwa na nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania. MV Njombe na MV Ruvuma ni za mizigo. Njiani meli hupita Matema, Lupingu, Manda na Liuli. Lupingu na Manda ziko Ludewa, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012, hivyo wafanyabiashara wengi wa Iringa wana ndugu na wateja huko.

Hata hivyo, anayepanga safari hii kwa kuangalia nauli peke yake hujidanganya. Tuseme mwenye kibanda Mwanjelwa ana mtaji wa Shs. 600,000 na hupata faida ya Shs. 15,000 kwa siku. Akifika Kyela akakuta meli haiondoki kwa siku tatu, amepoteza Shs. 45,000 za faida. Akilipa chumba na chakula Shs. 10,000 kwa siku, ni Shs. 30,000 nyingine. Jumla ni Shs. 75,000, yaani sehemu moja ya nane ya mtaji, na bado hajapanda meli.

Kuchelewa huko si uzembe wa mabaharia siku zote. Kati ya Mei na Agosti huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki ambao wavuvi huuita mwera, na unaweza kushika siku kadhaa mfululizo. Anayeelekea Mbamba Bay hukutana nao usoni. Aidha, Itungi imesumbuliwa kwa muda mrefu na mchanga unaopunguza kina, na ndiyo maana bandari ya Kiwira nayo hutumika. Anayepiga simu bandarini aulize mambo mawili: meli inaondoka lini, na inaondokea wapi.

Njia ya kupunguza hasara ni kwenda kwa meli na kurudi kwa barabara. Akicheleweshwa Kyela, msafiri fedha yake bado iko mfukoni na nyumbani si mbali. Akicheleweshwa Mbamba Bay na magunia ya usipa, amekwama na mali. Kwa bahati nzuri barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 hivi, sasa ni ya lami, na kutoka Mbinga kuna mabasi ya Songea, kisha Njombe na Makambako. Hapo wa Iringa na wa Mbeya huachana.

Wakati wa kwenda, anayetoka Iringa hana haja ya kuingia Mbeya mjini. Ashuke Uyole na kupata gari la Tukuyu na Kyela.

Kuhusu bidhaa, usipa mkavu ndio unaostahimili safari ndefu. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, karibu na Matema, vina soko hadi Mbeya, lakini havifai kuzungushwa Songea. Anayevitaka afanye safari fupi ya Matema na kurudi, navyo avifunge kwa majani makavu. Sabuni, sukari na vyombo vya plastiki huuzika katika vijiji vilivyo chini ya Milima ya Livingstone, ambako magari ni machache.

Lipo jambo moja lisilofaa kubaniwa fedha. MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei, 1996 na kuua mamia ya watu, ilikuwa na nafasi ya abiria 430 lakini ilibeba wengi zaidi. Msafiri adai tiketi yenye jina lake, ahakikishe anajua yalipo maboya ya kujiokolea, na akiona sitaha imefurika ashuke. Mitumbwi ya injini inayochukua abiria waliochoshwa na kungoja ni nafuu kwa saa, lakini katika miezi ya mwera mwenye familia asiipande. Likizo ya shule ya Juni huangukia katikati ya miezi hiyo, kwa hiyo anayesafiri na watoto aongeze siku mbili za akiba katika hesabu yake kabla ya kukata tiketi.