Fungate ya Mjini na Pwani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia ndoa kuwa ngome ya Muislamu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa mbora wa watu kwa watu wa nyumbani kwake.

Ama baada ya hayo, imeenea sana katika vijana wetu desturi ya kusafiri mara tu arusi inapokwisha, nao hupenda zaidi safari ya sehemu mbili: siku chache katika mji mkubwa wenye shughuli, na siku chache ufukoni mwa bahari. Wako wazee wailaumuo desturi hii wakisema kuwa ni kuiga wageni. Wako na vijana waonao kuwa ndoa isiyo na safari ni ndoa iliyopungukiwa. Twataka leo kusema na pande zote mbili, kisha tuonyeshe namna safari hiyo inavyoweza kupangwa bila ya kumwasi Mola wala kujitia katika dhiki.

FUNGATE NI NINI?

Waswahili walikuwa na fungate kabla haijajengwa hoteli hata moja katika pwani yetu. Neno lenyewe, katika Kiswahili cha kale, lilikuwa na maana ya saba. Na fungate zilikuwa siku saba ambazo bwana arusi na bibi arusi hukaa ndani, wakaletewa chakula, wakahudumiwa, wala wasidaiwe kazi yoyote. Hesabu hiyo haiko mbali na mafunzo ya dini. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik, imeelezwa kuwa mwanamume mwenye mke, akioa mwanamwali, hukaa kwake siku saba, na akioa mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, hukaa kwake siku tatu, kisha ndipo agawe zamu. Basi siku hizo ni haki ya mke mpya, apate kumzoea mumewe na kuondokewa na ugeni.

Kwa hivyo fungate ni siku za kujuana. Akipenda mtu kuzipitisha ndani ya nyumba ya wazazi, ni vizuri. Na akipenda kuzipitisha safarini, hapana ubaya. Ubaya ni kusafiri na kulisahau lile lililokusudiwa, watu wakarudi na picha mia mbili na deni la miezi sita, na hali hawajazungumza hata saa moja juu ya maisha yanayowangoja.

FEDHA KWANZA

Hebu tumfikirie kijana wa Kisumu aliyekwisha kulipa mahari, akalisha wageni, na mfuko wake umebaki mwepesi. Rafiki zake wamekwenda pwani baada ya arusi zao, naye aona haya kubaki nyuma. Hapo ndipo shetani humwonyesha njia mbili nyepesi.

Njia ya kwanza ni mkopo wa riba, na siku hizi mkopo huo waombwa kwa simu usiku wa manane, wala hapana mtu ajuaye. Lakini Mwenyezi Mungu ajua. Katika Suratul-Baqara, aya ya 279, wala riba wasioacha wametangaziwa vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Je, ni akili gani kuianza ndoa, ambayo twaiombea baraka, kwa kuingia katika vita hivyo?

Njia ya pili ni kumwomba mke mahari yake yawe nauli. Mahari ni mali ya mke peke yake. Suratun-Nisaa, aya ya 4, yatufunza kuwa ni halali kwa mume kula katika mahari kile tu ambacho mke amekitoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Na bibi arusi wa siku ya tatu, aonaye haya hata kumtazama mumewe usoni, atakataa vipi akiombwa? Kukubali kwa haya si ridhaa. Bora kijana asiombe kabisa.

Lililo sawa ni hili. Kabla tikiti haijakatwa, kodi ya nyumba ya mwezi ujao na chakula cha nyumbani viwe vimewekwa kando. Kinachobaki ndicho cha safari, nacho kigawanywe katika mafungu ya nauli, malazi, chakula na matembezi, na sehemu moja katika kumi iwe akiba isiyoguswa ila kwa ugonjwa au dharura. Ikiwa kilichobaki chatosha siku tatu, basi ziwe siku tatu. Waja wema wasifiwao katika Suratul-Furqan, aya ya 67, ni wale ambao wakitoa hawafanyi israfu wala ubahili, bali huwa katikati.

Na hesabu hiyo ifanywe na wawili pamoja. Mke aijuaye hali ya mfuko hatamwonea mumewe kuwa bahili anapopita dukani bila ya kununua.

SIKU SABA ZA MFANO

Kijana wetu wa Kisumu na ampeleke mkewe Nairobi usiku tatu, kisha Mombasa usiku nne. Jumla yake ni ile fungate yetu ya saba. Twapendelea mji utangulie na bahari ifuate. Mji huchosha: una foleni za magari, kelele na haja ya kutembea. Bahari hupumzisha. Atanguliaye kupumzika kisha akachoka, hurudi nyumbani amechoka.

Nairobi ilianza kwa kambi ya reli mwaka 1899, na leo ni mji ambao mtu anaweza kuumaliza mwezi bila ya kuumaliza. Basi wasijaribu kuona kila kitu. Jambo moja asubuhi na jambo moja jioni yatosha. Wafike Msikiti wa Jamia, ulio katikati ya mji, ambao jengo lake lilikamilika mwaka 1933, wasali sala ya jamaa na watazame kuba zake. Asubuhi moja waende katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ambayo haiko mbali na katikati ya mji, na humo huonekana twiga na simba na nyuma yao majengo marefu. Alasiri nyingine waende Eastleigh, mtaa wa biashara wenye misikiti na chakula cha halali tele, wakatazame mapazia na vyombo vya nyumba yao mpya. Huko ndiko mume atakakojua mkewe apenda rangi gani, na mke atajua mumewe hukasirika haraka au ana subira katika msongamano wa watu. Mafunzo hayo hayapatikani ukumbini siku ya arusi.

Siku ya nne washike treni ya Mombasa kwa reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, si katikati ya mji, na cha Mombasa kiko Miritini. Kwa hiyo nauli ya kufika na kuondoka vituoni iingizwe katika hesabu. Tikiti ikatwe mapema, vitambulisho viwe mkononi, na wafike kituoni kabla ya saa kwa kuwa mizigo hukaguliwa. Mwendo wa saa tano au sita unapita Tsavo, na mara nyingine ndovu huonekana dirishani. Ni saa nzuri za kuzungumza.

Mombasa, asubuhi moja ni ya Mji wa Kale: Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waarabu wa Omani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na si mbali na hapo, Msikiti wa Mandhry, ambao watu wa Mombasa huutaja kuwa wa mwaka 1570. Mahamri kwa mbaazi asubuhi, na kahawa chungu kwa haluwa jioni, ni chakula cha mfalme kwa bei ya mtu wa kawaida. Siku nyingine wavuke kivuko cha Likoni waende Diani, wakauone msikiti wa kale wa Kongo kati ya mibuyu, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Siku ya tatu isiwe na mpango wowote. Waketi tu.

Na anayepanga kwenda baharini ahesabu mwezi mwandamo. Zinapoandama siku za mwanzo wa mwezi, na zile za mwezi mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kwa Mombasa hupwa kiasi cha saa nne asubuhi, watu wakatembea mbali juu ya mwamba. Wavae viatu, kwani mwamba una viumbe vyenye miba. Mwezi wa saba na wa ishirini na mbili maji huwa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Mvua za masika, Aprili na Mei, ni vyema kuziepuka.

SALA NA MALAZI

Wengi waliochunga sala mwaka mzima huzipoteza katika wiki ya fungate, na sababu mara nyingi ni haya. Waliooana wahitaji kuoga kabla ya sala ya alfajiri, na wakifikia kwa jamaa, ambako choo ni kimoja na shangazi amelala ukumbini, huona haya kupita na ndoo usiku. Alfajiri ikapita, na kesho yake ikapita tena. Kwa ajili hiyo twawashauri: kama uwezo upo, wakae chumba chao wenyewe, hata kama ni kidogo, chenye bafu ndani na maji yasiyokatika. Ndilo swali la kwanza la kumwuliza mwenye nyumba ya wageni, kabla ya kuuliza kama bahari yaonekana dirishani. Wachukue na nakala ya cheti cha ndoa, huenda wakaulizwa. Jamaa watembelewe mchana, kwa zawadi ndogo.

Dini yenyewe imemfanyia msafiri wepesi. Kwa madhehebu ya Shafi, afuatwayo na wengi wetu, msafiri wa mwendo mrefu husali Adhuhuri, Alasiri na Isha kwa rakaa mbili mbili, naye huweza kuchanganya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, maadamu hakunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka. Katika mpango wetu Nairobi ina siku kamili mbili na Mombasa tatu. Basi ruhusa yawafuata kote. Wakipanda treni ya saa tisa alasiri, wamekwisha kusali Adhuhuri na Alasiri pamoja; na Magharibi ikiwakuta njiani, wanuie wakati huo huo kuichelewesha, waisali na Isha watakapofika. Lakini ikiwa mmoja wao ni mkaazi wa Mombasa, huyo akifika kwao si msafiri tena. Mwenye shaka na amwulize sheikh wa mtaa wake kabla ya kuondoka.

SAFARI TATU ZA MTUME

Amdhaniaye Mtume (S.A.W.) kuwa hakuwa na wakati wa wake zake safarini, hakuisoma sira yake. Katika safari moja alishindana mbio na Bibi Aisha, Bibi Aisha akamshinda. Miaka ikapita, wakashindana tena, akashinda yeye, naye akamkumbusha kwa mzaha kuwa sasa wamelipana. Katika safari nyingine mkufu wa Bibi Aisha ulipotea, na Mtume akalisimamisha jeshi zima kuutafuta mahali pasipo maji. Kwa sababu hiyo ikateremka ruhusa ya kutayamamu, na mkufu ukaonekana chini ya ngamia. Na huko Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, masahaba waliposita kuchinja wanyama wao kwa huzuni, alimweleza hayo Bibi Ummu Salama, akaufuata ushauri wake, na watu wote wakamfuata.

Tazameni, enyi vijana: mchezo, subira na mashauriano. Mume akiyapata haya matatu katika siku saba, safari yake imefaulu, hata kama mvua ilinyesha Diani kutwa nzima. Na akiyakosa, bahari haitamfaa kitu. Mkoba wa mkewe ukipotea sokoni Eastleigh, na akumbuke ule mkufu kabla ya kufungua kinywa.

Limebaki neno moja. Simu hizi zimewazoeza watu kutangaza kila kitu. Uso wa mkeo, chumba chenu na mambo yenu ni amana, Mtume (S.A.W.) amemkemea vikali mtu atoaye nje siri iliyo kati yake na mkewe. Kuna ladha katika kuwa na jambo ambalo ni watu wawili tu duniani walijualo.

Nanyi wazazi, msiwapigie simu kila saa, wala msiwadai zawadi. Mmekwisha kuwaozesha, waacheni wajuane. Siku ya nane watarudi, na mlango wenu wataujua.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma. Amin.