Sura ya Tano: Mtetea Mzee na Madonge ya Unga

Kusini mwa Marekani kuna supu ya kuku inayotiwa madonge ya unga wa ngano. Wapishi wa huko hubishana sana juu ya madonge, utadhani kuku hayumo sufuriani. Sisi tuanze na kuku, kwa sababu chakula hiki kilipikwa kwa ajili yake.

Zamani mtu wa shamba hakumchinja mtetea anayetaga. Alimsubiri akome, na kufikia hapo nyama yake haichomeki wala haikaangiki. Ukiitafuna ni kama kandambili. Kinachoikaza ni kolajeni, protini inayofunga misuli na kuishikiza mifupani, nayo hukomaa kadiri kuku anavyozeeka. Dawa yake ni moto mdogo na subira. Mtie kuku kwenye maji baridi pamoja na kitunguu, karoti, selari na pilipili manga nzima. Yakianza kuchemka, engua lile povu la kijivu, kisha punguza moto hadi vipovu viwe vinapanda kimoja kimoja. Baada ya saa mbili au tatu kolajeni imegeuka jelatini: nyama inaachia mfupa, na mchuzi unanata midomoni. Chumvi ikamilishe mwishoni, maana mchuzi unapungua na ukali wa chumvi unabaki.

Kuku wa dukani hana hazina hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani waliandaa mashindano ya kumpata “Kuku wa Kesho”, mwenye kifua kinene na anayekua upesi; fainali ya kwanza ya kitaifa ilifanyika Delaware mwaka 1948. Broila wa wiki sita analainika mapema, lakini mchuzi wake ni mwepesi, ndiyo maana wapishi wengi wa leo huuongezea unga na vidonge vya supu. Mwenye kuku wa kienyeji wa Singida yuko karibu zaidi na supu ya asili kuliko mkazi wa Chicago anayenunua kuku wa pakiti.

Sasa madonge. Kambi moja husukuma unga ukawa mwembamba, ikaukata vipande na kuvitumbukiza. Havina cha kuumua, na unga uliovipaka huufanya mchuzi uwe mzito. Kambi ya pili huchota rojo zito kwa kijiko na kulidondosha juu ya supu. Mimi ni wa kambi ya pili, ambayo inadaiwa na kemia: mwaka 1856 Eben Horsford alipata hataza ya fosfeti ya tindikali ambayo, ikichanganywa na magadi, iliumua unga bila hamira wala kungoja.

Vikombe viwili vya unga vinataka vijiko vitatu vya chai vya bekingi pauda, chumvi kidogo, vijiko vitatu vya mezani vya siagi iliyoyeyushwa na kikombe cha maziwa. Koroga mpaka unga mkavu usionekane, kisha acha, hata kama bado kuna mabuje. Ukiendelea, gluteni inajivuta na donge linakuwa gumu. Watu wa Tennessee husifu unga wa White Lily, uliozaliwa Knoxville mwaka 1883, kwa sababu ngano yake laini ina protini kidogo. Unga wetu wa chapati una nguvu zaidi, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Rudisha nyama iliyochambuliwa, mchuzi utokote polepole, dondosha madonge, funika dakika 15. Usifunue! Nusu ya chini ya donge inachemshwa na mchuzi, ya juu inaivishwa na mvuke tu; ukiuachia mvuke, upande huo unabaki mbichi. Muda ukitimia, pasua moja kwa uma: ndani liwe na vitundu kama vya mkate, pasiwe na mstari wa kung'aa katikati.

Chakula hiki kiliwe siku hiyo hiyo. Madonge yakilala yanaendelea kunywa mchuzi, na asubuhi utakuta uji wenye nyama. Kama unajua kitabaki, hifadhi mchuzi peke yake na udondoshe mapya kesho.